Siku na Saa katika Injili: Jinsi ya Kuwajibu Wasemao Kwamba Waandishi Wake Wanapingana

Miongoni mwa maswali yaletwayo mbele ya walimu wetu, yale ya hesabu hurudi mara nyingi sana. Bwana wetu alikufananisha kuzikwa kwake na siku tatu za Yona, mchana na usiku. Naye alizikwa Ijumaa jioni, akafufuka Jumapili alfajiri. Basi usiku wa tatu u wapi? Marko asema kwamba alisulibiwa saa tatu. Yohana asema kwamba yapata saa sita Pilato alikuwa angali katika kiti cha hukumu. Mathayo na Marko wasema kwamba kugeuka sura kwake kulikuwa baada ya siku sita. Luka ataja siku kama nane. Maswali haya mara huulizwa na mkatekumeni mwenye akili, mara na jirani Mwislamu aliye rafiki wa nyumba, mara na kijana aliyesoma kitabu cha watu wasiopenda dini.

Yatupasa tuyashike kwa uangalifu. Mwalimu akimkemea muulizaji, amemfundisha kwamba Kanisa laogopa maswali. Akimpa jibu la kubuni, muulizaji aweza kuridhika leo; walakini siku atakapoona kwamba jibu lile halina msingi, hatamwamini tena mwalimu wake hata katika neno la kweli. Hasara ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, kwa kuwa haionekani upesi.

Mtakatifu Augustino alipomwandikia Mtakatifu Yeronimo, yapata mwaka 405, alimweleza afanyavyo mwenyewe akutapo katika Maandiko neno lionekanalo kuwa kinyume cha kweli. Hasemi kwamba mwandishi amedanganya. Hufikiri mambo matatu: ama nakala imeharibika, ama mfasiri hakuipata maana, ama yeye msomaji hakufahamu. Mpango huu wafaa hata leo. Nasi twataka kuonyesha kwamba katika habari za siku na saa, mara nyingi shida iko kwa msomaji, ambaye huleta desturi yake ya kuhesabu na kuipima Injili kwa desturi hiyo. Tena twataka kuonyesha kwamba msemaji wa Kiswahili ana msaada mwingi ndani ya lugha yake mwenyewe, akijua kuutumia, na kwamba msaada huo una mpaka wake.

Juma lenye siku za tano mbili

Na tuanze nyumbani. Mwalimu awaulize wanafunzi wake: Siku ya tano ya juma ni ipi? Mmoja atajibu Jumatano, maana jina lenyewe lataja tano. Mwingine, ikiwa amejifunza Kiarabu kidogo, atasema Alhamisi, maana neno hilo kwa Kiarabu ni siku ya tano. Wote wawili wasema kweli. Majina yetu ya Jumamosi mpaka Jumatano yahesabiwa baada ya Ijumaa, siku ya kukusanyika msikitini. Kwa hiyo Jumamosi ni ya kwanza. Jina la Alhamisi limetoka kwa Waarabu, ambao huianza hesabu siku tunayoiita Jumapili. Hivi siku mbili zafuatana, Jumatano na Alhamisi, na kila moja yaitwa ya tano, wala hakuna mtu wa pwani aliyepotea njia kwa sababu hiyo. Hesabu ni mbili, nazo zimekaa pamoja katika juma moja.

Jambo hili si la mchezo tu, kwa kuwa laigusa habari ya Ufufuo yenyewe. Wainjili wote wanne wasema kwamba wanawake walikwenda kaburini siku ya kwanza ya juma. Msomaji wa Kiswahili aliyezoea majina yetu aweza kudhani kwamba ni Jumamosi, kwa kuwa mosi ni ya kwanza. Akakuta halafu kwamba Kanisa huadhimisha Jumapili, ambayo kwa jina lake ni ya pili. Katika sehemu za Congo shida yaongezeka, maana huko watu huhesabu siku za kazi, na Jumatatu ndiyo iitwayo siku ya kwanza. Basi maneno haya matatu, siku ya kwanza, yaweza kumpeleka msikiaji Jumamosi, Jumapili au Jumatatu, kwa kadiri ya mahali alipozaliwa.

Wayahudi hawakuzipa siku za juma majina yao mbalimbali, ila Sabato. Nyingine walizitaja kwa hesabu baada ya Sabato. Kwa sababu hiyo siku ya kwanza katika Injili ni ile iifuatayo Sabato, yaani Jumapili. Mfasiri hakukosa, wala mwandishi hakukosa. Msomaji ndiye anayehitaji kuonywa. Twawashauri walimu watoe maelezo haya kila mwaka kabla ya Pasaka, wasingoje kuulizwa.

Siku huanza lini?

Jambo la pili ni mwanzo wa siku. Katika ofisi na shule tarehe hubadilika usiku wa manane. Walakini kwa Wayahudi siku ilianza jua lilipokuchwa. Sura ya kwanza ya Mwanzo huitaja jioni kabla ya asubuhi, na sheria ya siku ya upatanisho katika Mambo ya Walawi 23:32 yaamuru ishikwe tangu jioni hata jioni.

Mtu wa pwani hana haja ya kufundishwa sana hapa. Kwa desturi ya wazee, usiku wa Ijumaa ni ule uufuatao mchana wa Alhamisi. Usiku hutangulia, mchana wake huja nyuma. Jirani zetu Waislamu huushika mwezi wa Ramadhani tangu magharibi ya siku ile mwezi unapoandama. Vijana waliosoma shule ndio wanaochanganya, hata imekuwa lazima kusema usiku wa kuamkia Ijumaa ili pasiwe na shaka. Basi mwalimu akimjibu mzee wa pwani, na aanze na desturi ya mzee mwenyewe; akimjibu kijana wa shule, na amweleze kwanza desturi ya babu zake.

Siku tatu, mchana na usiku

Sasa twaweza kulikabili swali la Mathayo 12:40. Bwana alikufa saa tisa, akazikwa siku ile ile kabla jua halijakuchwa. Hiyo ilikuwa Ijumaa, siku ya kwanza. Jua lilipokuchwa ukaanza usiku wa Jumamosi, kisha mchana wake. Hiyo ni siku ya pili. Jua lilipokuchwa tena ukaanza usiku wa Jumapili, naye kabla ya watu kuamka na kwenda kaburini alikuwa amekwisha kufufuka. Hiyo ni siku ya tatu. Siku tatu zimeguswa: mbili kwa sehemu, na moja yote.

Muulizaji atasema: Nimekubali siku, lakini usiku ni miwili tu. Ni kweli. Usiku wa Ijumaa, yaani ule wa kwanza, Bwana alikuwa angali hai, akila na wanafunzi wake na kushikwa bustanini. Lakini hapa yatupasa kujua namna Wayahudi walivyosema. Mchana na usiku pamoja walivihesabu kuwa kitu kimoja, siku nzima. Na sehemu ya siku nzima iliweza kuhesabiwa kama yote. Katika Talmudi ya Yerusalemu limehifadhiwa neno la Rabi Eleazari bin Azaria, mwalimu wa zamani zile za Mitume na baada yao, lenye maana hiyo hiyo: mchana na usiku ni muda mmoja, na sehemu ya muda huo ni kama muda wote. Basi saa chache za Ijumaa zahesabiwa kuwa Ijumaa, na Ijumaa ni usiku wake pamoja na mchana wake. Usiku wa tatu umo ndani ya hesabu hiyo.

Mtu aweza kusema kwamba kanuni hii imetafutwa ili kuiponya Injili. Siyo hivyo, kwa kuwa imo katika Agano la Kale, mahali pasipohusu Ufufuo hata kidogo. Esta aliwataka watu wake wafunge siku tatu, usiku na mchana, naye pia pamoja nao. Lakini siku ya tatu, si ya nne, aliingia kwa mfalme (Esta 4:16 na 5:1). Mfalme Rehoboamu aliwaambia watu warudi kwake baada ya siku tatu, nao wakaja siku ya tatu, na mwandishi aonyesha kwamba ndivyo walivyoagizwa (2 Mambo ya Nyakati 10:5 na 12). Kijana Mmisri aliyeokotwa na watu wa Daudi hakuwa amekula siku tatu mchana na usiku. Naye akieleza mwenyewe, asema kwamba aliugua na kuachwa, na leo ni siku ya tatu (1 Samweli 30:12-13).

Habari hii ya Mmisri yatuelekea sana. Kwetu mtu aliyeugua Ijumaa jioni, akiulizwa Jumapili asubuhi, husema, Leo siku ya tatu sijala. Hakuna amwambiaye kwamba amedanganya kwa kuwa saa hazijatimia 72. Vivyo hivyo tukihesabu juzi, jana na leo, twahesabu siku tatu, na leo ni mojawapo.

Ushahidi ulio na nguvu kuliko wote umo katika Mathayo mwenyewe, sura ya 27, aya ya 63 na 64. Wakuu wa makuhani wamwendea Pilato, wakamweleza kwamba Yesu alisema atafufuka baada ya siku tatu. Kwa hiyo waomba kaburi lilindwe hata siku ya tatu. Kama baada ya siku tatu ingekuwa na maana ya siku tatu kutimia kabisa, ulinzi ungekwisha kabla ya wakati walioutilia hofu. Wao walisema lugha ile, nao waliyaona maneno hayo mawili kuwa sawa. Hivi ndivyo na Marko aandikavyo baada ya siku tatu (8:31), mahali ambapo Mathayo (16:21) na Luka (9:22) waandika siku ya tatu.

Wako waalimu wa Ulaya na Marekani waliotaka kuliondoa swali kwa kuihamisha siku ya kusulibiwa, wengine wakisema Alhamisi, wengine Jumatano. Hatuwashauri wasomaji wetu kufuata njia hiyo. Ikiwa Bwana alizikwa Jumatano jioni, basi Jumapili ni siku ya tano kwa hesabu ile ile ya Wayahudi. Na wale wanafunzi wawili wa njia ya Emau, wakisema Jumapili ile, wasema kwamba leo ni siku ya tatu (Luka 24:21). Mwenye kuziba tundu moja kwa kutoboa jingine hajaitengeneza nyumba.

Siku sita na siku nane

Katika habari ya kugeuka sura, Mathayo 17:1 na Marko 9:2 wataja siku sita, na Luka 9:28 ataja siku kama nane. Kwanza tuone kwamba Luka asema kama. Hakudai hesabu kamili. Pili, tukihesabu siku zilizo katikati tu, twapata sita. Tukiitia ndani na siku ile ya maneno ya kwanza na siku ile ya kupanda mlimani, twapata nane. Desturi ya kutia ndani siku zote mbili, ya mwanzo na ya mwisho, ilienea. Yohana 20:26 asema kwamba Bwana aliwatokea wanafunzi tena baada ya siku nane, na Kanisa limefahamu tangu zamani kwamba ni Jumapili iliyofuata, ambayo sisi twasema ni baada ya siku saba. Mtoto wa Kiyahudi hutahiriwa siku ya nane, na siku ya kuzaliwa ndiyo ya kwanza. Wasemaji wa Kiswahili wa Congo waliojifunza Kifaransa wajua kwamba Mfaransa husema siku nane akitaka kusema juma moja, na siku kumi na tano akitaka kusema majuma mawili.

Warumi nao walihesabu hivyo, na desturi hiyo ikaleta kosa mashuhuri. Julio Kaisari alipoitengeneza kalenda, ikaanza kutumika mwaka 45 kabla ya Kristo, aliamuru siku moja iongezwe kila mwaka wa nne. Makuhani wa Roma wakahesabu kwa kuutia ndani na mwaka uliokwisha kuongezwa siku, wakaongeza kila baada ya miaka mitatu. Katika muda wa miaka 36 wakaingiza siku 12 badala ya 9, hata Kaisari Augusto akalazimika kuamuru kwamba siku za kuongezwa ziachwe kwa miaka kadha wa kadha mpaka hesabu irudi mahali pake. Twaitaja habari hii ili ionekane kwamba neno moja la hesabu laliweza kufahamika kwa namna mbili hata katika mji mkuu wa dola, tena kwa watu ambao kazi yao ilikuwa ni kuhesabu siku.

Saa tatu na saa sita

Katika habari ya saa, msomaji wa Kiswahili amebarikiwa kuliko msomaji wa Kizungu. Saa za Injili huhesabiwa tangu macheo, kama zetu. Mfano wa watenda kazi katika shamba la mizabibu (Mathayo 20) hatuna haja ya kuueleza: mtu aliyeajiriwa saa kumi na moja amefanya kazi saa moja tu, na kila mwanafunzi alifahamu hilo mara moja. Tofauti ni ndogo. Kwao mchana uligawanywa saa kumi na mbili wakati wote wa mwaka, hali huko Yerusalemu mchana ni mrefu wakati wa joto, yapata saa 14 kwa kipimo chetu, na mfupi wakati wa baridi, yapata saa 10. Kwa hiyo saa zao zilirefuka na kufupika. Zetu za karibu na mstari wa Ikweta hukaa karibu sawasawa.

Basi Marko 15:25 asema saa tatu, nasi twajua maana yake. Yohana 19:14 asema yapata saa sita, yaani karibu na adhuhuri. Hapa tofauti ni ya kweli katika maneno, wala lugha yetu haiifichi. Yaionyesha wazi zaidi. Majibu manne yametolewa, nayo yafaa mwalimu ayajue yote.

La kwanza, kwamba Yohana alihesabu tangu usiku wa manane, hata saa sita yake ni saa kumi na mbili asubuhi kwetu. Askofu Westcott wa Durham aliutetea mawazo haya, na wengi wamemfuata. Lakini ushahidi ni haba. Warumi waliianza tarehe ya kisheria usiku wa manane, walakini saa za mchana walizihesabu tangu macheo, na katika vipimo vyao vya kivuli cha jua adhuhuri ni saa sita. Tena Yohana mwenyewe aandika kwamba saa za mchana ni kumi na mbili (11:9).

La pili, kwamba nakala imeharibika. Wayunani waliandika hesabu kwa herufi, na herufi ya tatu na ile ya sita ziliweza kukosewa na mwenye kunakili. Ni kweli kwamba nakala chache za Yohana zina saa tatu. Walakini mwenye kunakili aliyeiona tofauti angeweza pia kuiondoa kwa makusudi, akidhani anasahihisha. Kwa hiyo wataalamu wengi hushika kwamba saa sita ndiyo iliyoandikwa na Yohana.

La tatu ni la Augustino, kwamba Marko ahesabu tangu makelele ya watu waliotaka auawe, na Yohana atoa saa karibu na kusulibiwa kwenyewe. Mtu akisoma Marko bila kujua swali, hataiona maana hiyo.

La nne, kwamba watu wasio na saa ya mkononi waliugawanya mchana katika sehemu nne kubwa, wakataja saa tatu, saa sita na saa tisa kwa namna ya kukadiria. Jambo la katikati ya asubuhi mmoja aliweza kulitia upande huu, mwingine upande ule. Yohana atumia neno yapata. Hili twaliona kuwa na nguvu kuliko mengine. Lakini haki yatutaka tuseme kwamba Yohana huyo huyo mahali pengine ataja saa kumi (1:39) na saa saba (4:52), wala haonekani kuwa mtu asiyejali saa.

Basi mwalimu aseme nini? Aseme kwamba jambo hili halijakatwa. Aseme ni jibu lipi analoliona kuwa jema, na kwa sababu gani. Tena aonyeshe yale ambayo waandishi wote wanne wanakubaliana: kwamba alihukumiwa na Pilato, akasulibiwa siku ya Maandalio, akafa, akazikwa kabla ya Sabato kuingia. Mashahidi wanne waliokubaliana katika hayo, wakatofautiana katika saa, hawajavunjiana ushahidi. Kila mzee aliyewahi kukaa barazani kuamua shauri ajua kwamba mashahidi wanaosema neno moja mpaka saa na dakika huleta shaka kuliko wanaotofautiana kidogo.

Pasaka yenyewe

Liko jambo moja ambalo hesabu peke yake haiwezi kulimaliza. Marko 14:12 aonyesha kwamba karamu ya mwisho ilikuwa karamu ya Pasaka. Yohana 18:28 aonyesha kwamba asubuhi iliyofuata wakuu wa Wayahudi walikuwa hawajaila Pasaka bado. Wengine hujibu kwamba Yohana ataja dhabihu nyingine za siku zile saba za sikukuu, na kwamba Maandalio ya Pasaka ni Ijumaa ya juma la Pasaka tu. Na kweli hata leo Wayunani huiita Ijumaa kwa neno hilo la Maandalio. Wengine wafuata mawazo ya Annie Jaubert, bibi mtaalamu wa Ufaransa aliyeandika mwaka 1957 kwamba Bwana aliifuata kalenda ya siku 364, kama ile iliyoonekana katika maandiko ya Qumran, na makuhani waliifuata nyingine. Wengine hushika kwamba Yohana ameipanga habari yake ili tuone kwamba Mwana-Kondoo wa Mungu alikufa wakati wana-kondoo wa Pasaka walipochinjwa hekaluni.

Ili kulieleza wazo la kalenda mbili, mwalimu aweza kutumia mfano wa Idi, ambayo mwaka mwingine husaliwa siku mbili mbalimbali na watu wa mji mmoja, kwa sababu ya mwezi kuonekana huku na kutoonekana kule. Hakuna aliyesema uongo kati yao akisema, Jana ilikuwa Idi, na mwenziwe akisema, Leo ni Idi. Lakini mfano si ushahidi. Waeleza kwamba jambo laweza kuwa; hauthibitishi kwamba lilikuwa. Mwalimu asiyeitenga mipaka hii huwafundisha watu kukadiria na kuita kukadiria huko elimu.

Maneno ya mwisho kwa walimu

Mwaka 1537 Andreas Osiander, mchungaji wa Nürnberg, alitoa kitabu cha kuzipatanisha Injili nne, akashika kwamba kila mahali habari mbili zinapotofautiana, ni mambo mawili yaliyotokea mbalimbali. Kwa njia hiyo ikambidi kusema kwamba binti Yairo alifufuliwa zaidi ya mara moja. Nia yake ilikuwa kuilinda Injili, lakini Injili aliyoilinda si tena ile iliyoandikwa na wainjili. Na tuonywe naye.

Twashauri mambo manne. Kwanza, mwalimu asiyasome mafungu mawili yanayoonekana kupingana kabla hajasoma kila moja peke yake mpaka mwisho. Pili, aulize desturi: siku huanza lini, hesabu yaanza wapi, na mwisho umetiwa ndani au umeachwa nje. Tatu, atafute mahali pengine katika Maandiko panapotumia maneno yale yale katika jambo lisilo na mabishano, kama tulivyofanya kwa Esta na Mmisri wa Daudi. Jibu lililopatikana huko ni imara. Nne, asipoona jibu, aseme wazi kwamba halijapatikana.

Neno hili la nne ni gumu kwa mwalimu kijana, ambaye hudhani kwamba ataaibika. Na akumbuke habari aliyoihifadhi Eusebio katika historia yake. Yapata mwaka 155 Polikarpo, askofu wa Smirna, alifika Roma akajadiliana na Aniseto, askofu wa mji ule, juu ya siku ya kuiadhimisha Pasaka. Kila mmoja alikuwa na desturi aliyoipokea kwa wazee wake, wala mmoja hakumgeuza mwenziwe. Swali lilibaki. Hata hivyo Aniseto alimpa Polikarpo heshima ya kuiongoza Ekaristi katika kanisa lake, nao wakaagana kwa amani. Wanafunzi wetu wakituona twaweza kulibeba swali lisilokwisha bila kukasirika na bila kubuni, watakuwa wamejifunza jambo litakalowafaa hata katika maswali tusiyoyajua bado.